Kusafirisha ndege ya zamani kwa lori kutoka Nyanda za Juu Kusini

Ndege nyepesi ya Piper Super Cub ikiwa na uzito wake wote unaoruhusiwa, kilo 794, bado inaelea hewani kwa mwendo wa kilomita 70 hivi kwa saa. Lori linaloshuka kutoka Mafinga kuelekea Iringa linazidi mwendo huo bila dereva kujali. Kwa hiyo bawa lililolazwa juu ya tela na kufungwa kamba mbili halijui kwamba limetenganishwa na ndege. Likipata upepo kwa chini litafanya kazi liliyotengenezewa, na kama halikung'oka lote basi litakwangua, litapinda au litachana kitambaa.

Wapakiaji wetu wamezoea mbao, nguzo, chai na mahindi, mizigo inayotulia kwa uzito wake. Ndege nyepesi haitulii. Inaharibiwa na upepo, mtikisiko, msuguano na mkanda uliokazwa kupita kiasi. Karibu kila hatua iliyoelezwa hapa inapambana na mojawapo ya hayo manne.

Mfano wetu ni hiyo Super Cub, ndege ya siti mbili iliyoanza kutengenezwa 1949: kiwiliwili cha mabomba ya chuma yaliyovikwa kitambaa, urefu mita 6.9, mabawa mita 10.7 kutoka ncha hadi ncha, uzito mtupu kilo 420 au zaidi kidogo. Ndiyo aina ya ndege unayoweza kuikuta imeegeshwa kwenye banda la shamba lenye kiwanja chake cha nyasi. Cessna 180 ni ya aluminiamu, ndefu zaidi na nzito karibu mara mbili, inapotofautiana tutasema.

Karatasi kwanza, na picha

Ndege iliyokaa miaka bila kuruka bado ni ndege mbele ya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kama ina namba ya 5H, yaani ya usajili wa Tanzania, hakikisha jina lililo kwenye usajili ni la anayekuuzia au anayekutuma. Mtafute fundi ndege mwenye leseni asimamie kazi na aandike kwenye kitabu cha kumbukumbu cha ndege kila kilichofunguliwa. Bila maandishi hayo, atakayeiunganisha huko mbele atalazimika kuanza uchunguzi kutoka sifuri, na bili yake itakuonyesha tofauti.

Dereva abebe nakala za usajili, mkataba wa mauzo, barua ya serikali ya kijiji ulikotoka na orodha ya vipande vyote. Trafiki hawaoni kiwiliwili cha ndege kila siku, na swali la kwanza huwa ni "hii imetoka wapi?" Nakala halisi za vitabu vya ndege na injini zisipande lori kabisa, zisafiri na mtu.

Bima ya gari haitoshi. Ulizia bima ya mizigo safarini, na uiambie kampuni wazi kuwa mzigo ni ndege iliyofunguliwa, pamoja na picha za hali yake kabla ya kupakia.

Upana ndio unaoamua vibali. Ukifungua mkia wa mlalo, ambao kwa Super Cub una karibu mita 2.9, kinachobaki kinaingia ndani ya ubavu wa lori. Ukiuacha kwa kuokoa kazi ya saa mbili, mzigo utatokeza nje na itabidi uende ofisi ya TANROADS ya mkoa kuomba kibali cha mzigo usio wa kawaida. Fungua mkia.

Safisha na kausha matangi

Kabla ya spana kuguswa, fungua vifuniko vyote vya ukaguzi na umulike ndani. Nyigu hujenga kwenye mirija ya upepo na matundu ya matangi. Panya hutandika vitanda ndani ya mabawa, na mkojo wao unakula aluminiamu na kutia chuma kutu. Vaa barakoa na glavu, toa viota kwa mkono, usipulize kwa kompresa kwa sababu utavisukuma ndani zaidi. Kama banda lina nyuki, waondolewe siku kadhaa kabla, si asubuhi ya kazi.

Kila bawa la Super Cub lina tangi la lita 68 hivi. Toa petroli yote, hata ile inayoonekana imekuwa kama gundi. Bawa likisimamishwa kwa ukingo wa mbele, petroli iliyobaki itatoka kwa tundu la hewa na kulowesha kitambaa, rangi na mbao za fremu. Tumia chombo cha chuma, unganisha ndege na chombo kwa waya ili kusiwe na cheche, simu na sigara zikae mbali. Ziba kila mrija uliofunguliwa kwa kizibo cha plastiki au kitambaa safi kilichofungwa. Karatasi hulowa na kuingia ndani.

Toa betri. Toa au zima ELT, kifaa kinachotuma ishara ya dharura ndege ikianguka, kwa sababu tuta moja baya linaweza kukiwasha na kuwatafutisha watu ndege iliyo juu ya lori. Vipimo vyenye jairo (gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi ndani) navyo vitoke, vifungwe kwa sponji na kukaa kwenye kabini ya dereva. Vipimo vya zamani sana vyenye namba zinazong'aa gizani huenda vilipakwa rangi yenye radiamu: usivifungue, usivikwangue.

Injini

Kwa injini za Lycoming za aina hii, shafti ya kamu, inayofungua vali, iko juu ya krenki. Ndege ikikaa, mafuta yanateremka na kuiacha shafti hiyo kavu, na kutu huanzia hapo. Kwa sababu hiyo usimruhusu mtu "kuizungusha kidogo tuone kama inazunguka". Unyevu na kutu vinasagwa ndani pamoja. Mwaga mafuta ya zamani, weka mafuta ya kuhifadhia, toa plagi na weka vizibo vyenye chembe za silika zinazonyonya unyevu. Ziba ekzosi, kabureta na mrija wa pumzi.

Kama ndege inakwenda kufufuliwa kikamilifu, injini itatolewa tu, basi itoe mapema na uifunge kwenye kreti yake. Ila angalia mizani ya ndege yenyewe. Super Cub ina gurudumu dogo nyuma. Ukitoa mabawa na mkia huku injini ikiwa bado puani, inaweza kuinama na kupiga pua chini. Weka mifuko miwili ya mchanga karibu na gurudumu la nyuma na uifunge. Kwa ndege zenye gurudumu la mbele, kama Cessna 172, mambo hugeuka: ukitoa injini, inakalia mkia.

Pangaboi litoke kwa vyovyote. Weka alama kati yake na flanji ya injini. La chuma lifungwe kwenye ubao. La mti lilazwe, lisisimamishwe, kwa sababu unyevu hushuka upande mmoja na kuliharibu uwiano.

Kufungua mabawa

Hapa unahitaji watu sita: wawili nchani, wawili kwenye shina la bawa (mwisho unaoungana na kiwiliwili), mmoja anashika nguzo zinazoegemeza bawa kutoka chini, na fundi peke yake ndiye anayetoa bolti. Kwa Cessna ongeza wawili. Mtu mmoja tu atoe amri.

Piga picha za kila kebo kabla ya kuilegeza, kisha ifunge tegi pande zote mbili za pale inapokatiwa. Legeza vikaza kebo, tenganisha kebo za eleroni na flapu (vibao vinavyochezeshwa kwenye ukingo wa nyuma wa bawa), mirija ya mafuta, mrija wa kipima mwendo na nyaya za taa. Kebo zinazobaki ndani ya bawa zikunjwe kwa duara kubwa na kufungwa. Kebo iliyokunjwa kona kali ni ya kutupa.

Weka stendi yenye godoro chini ya bawa la upande wa pili kabla ya kulifungua hili la kwanza. Bawa moja likitoka, uzito wa lile lingine huivuta ndege ilale upande wake.

Toa kwanza bolti za chini za nguzo, huku bawa limeshikwa, kisha bolti za shina: ya nyuma, halafu ya mbele. Bolti ikigoma, nyundo isiguswe. Zilowekwe mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake, na siku ya kazi fundi aizungushe bolti kwa vidole wakati aliye nchani anapandisha na kushusha bawa milimita kwa milimita. Kuna nafasi moja ambapo uzito unaondoka kwenye bolti, na pale inatoka kwa mkono. Ikihitaji nguvu, bado imebeba bawa, na ukiigonga unapanua tundu ambalo halitakiwi kupanuka hata kidogo.

Nguzo za Piper zina uma wa chini wenye nyuzi, unaotumika kurekebisha mkao wa bawa. Weka alama ya rangi, hesabu nyuzi zinazoonekana, andika, na usiuzungushe. Nguzo hizi pia hupata kutu kwa ndani, na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, imetoa agizo la lazima la kuzikagua pamoja na uma zake; zibebwe kwa uangalifu ila usidhani zitarudi kwenye ndege bila kupimwa. Kwa Cessna, bolti ya nyuma ya shina ina bushi zisizo na kitovu cha katikati, ambazo kuzungushwa kwake hubadilisha pembe ya bawa. Zipige alama kabla hujatoa.

Kila bolti irudi kwenye tundu lake au iende kwenye mfuko wenye jina la mahali ilikotoka. "Bolti za bawa la kushoto" si jina. Andika "kushoto, shina, mbele". Nati za kujifunga na spliti pini za zamani hazitumiki tena, lakini zitunze kama sampuli ya ukubwa.

Mbao za Mafinga

Fremu ya mabawa hutengenezwa hapahapa, na paini ya Sao Hill inafaa kabisa kwa masharti mawili. Iwe kavu: mbao mbichi husinyaa njiani, bolti zikalegea kabla hujafika Morogoro. Na isiwe ya kutibiwa kwa dawa. Dawa ya kijani inayotumika kwenye nguzo ina shaba, na shaba ikikutana na aluminiamu na unyevu huila aluminiamu. Mafinga mbao za dawa zimejaa kila yadi, kwa hiyo sema wazi unachotaka.

Bawa moja la Super Cub lina urefu wa mita 5 na kidogo na upana wa mita 1.6. Yote mawili hukaa kwenye fremu moja, yamesimama, ukingo wa mbele chini, tumbo kwa tumbo au mgongo kwa mgongo, nafasi ya sentimita 15 katikati. Utahitaji:

- mbao 2x6 za futi 18, vipande 3, kwa kitako;
- mbao 2x4 za futi 12, vipande 10 hivi, kwa nguzo, mishazari na vifungo vya juu;
- plaiwudi ya milimita 18, karatasi 1, kwa sahani za kushikia shina;
- bolti za milimita 10 na washa kubwa, si misumari, maana misumari hutoka kwa mtikisiko;
- zulia la zamani au turubai nzito, mita 6, likatwe mikanda ya upana wa sentimita 30.

Shina la bawa lishikwe kwa matundu yake ya bolti, kwa kupitisha bolti za kipenyo kilekile kwenye plaiwudi. Upande wa ncha, kwenye theluthi mbili ya urefu, bawa likae ndani ya mkanda wa zulia ulioning'inizwa kama machela, na mkanda huo uwe chini ya ubavu wa bawa, si katikati ya mbavu mbili. Gonga kitambaa kwa kidole: panapolia kama ngoma hapana kitu nyuma yake, hapabebi mzigo. Ukingo wa mbele usiguse kitako. Uache sentimita 15.

Godoro la sponji ni zuri dhidi ya kugongana ila baya dhidi ya mvua. Linanyonya maji na kuyashikilia kwenye chuma siku nzima. Panapoweza kulowa tumia tyubu za matairi zilizokatwa.

Eleroni, flapu na usukani wa mkia ni bora vitoke na kufungwa peke yake. Vikibaki, vizuiwe kwa mbao zilizovikwa zulia pande mbili, visipigepige.

Lori lipi

Wengi hukimbilia semi ya futi 40 kwa sababu kila kitu kinaingia safari moja, na ni kweli: mabawa mbele, nyuma ya ukuta wa tela unaoyakinga upepo, na kiwiliwili nyuma yake. Tatizo ni springi. Tela lililotengenezwa kubeba tani 30 likibeba nusu tani, springi za chuma hazijikunji hata kidogo, na kila shimo linafika kwenye ndege kama lilivyo. Tafuta tela la springi za hewa. Likikosekana, pakia tani kadhaa za mchanga kwenye mifuko juu ya ekseli za nyuma, ukiufunga vizuri. Fuso yenye bodi ya mita 7 ni laini zaidi lakini inataka safari mbili.

Kontena la futi 40 linakinga mvua, vumbi na mikono ya watu. Mlango wake una upana wa mita 2.34 tu, basi pima miguu ya ndege kutoka ukingo wa nje wa tairi hadi mwingine kabla ya kulipa. Kuburuza ndege kwa matairi yake nyuma ya pikapu usifikirie: beringi na matairi yale ni ya kukimbia dakika moja na kupumzika.

Kwenye kiwanja cha shamba hakuna jukwaa la kupakilia. Rudisha lori kinyumenyume hadi kwenye ukingo wa udongo unaolingana na bodi, au tumia mbao nene za 3x12 kama daraja, mbili, na winchi ya mkono iliyofungwa mbele. Ndege ipande pua mbele. Ikisafiri pua mbele, upepo unaipiga kutoka upande iliozoea; ukiigeuza, upepo unaingia kwa nyuma na kufungua kila mlango na kifuniko.

Miguu ya Super Cub imening'inizwa kwa mipira mikali ndani. Ikiachwa huru, ndege inarukaruka, mikanda inalegea kila inaposhuka na kukaza kwa kishindo inapopanda. Weka magogo yaliyovikwa mpira chini ya maungio ya miguu na kiwiliwili, ubebe sehemu ya uzito, ndipo ufunge. Mikanda ya racheti minne: miwili mbele na miwili nyuma, imeshikwa juu kabisa ya mguu karibu na kiwiliwili, kamwe isiwe kwenye ekseli ya gurudumu wala kuzunguka kiwiliwili. Vizuizi vya mbao mbele na nyuma ya kila tairi vipigiliwe sakafuni. Mkia ukae kwenye kitanda cha mbao chenye zulia, chini ya nguzo ya mwisho ya kiwiliwili.

Utingo atataka kukaza mpaka racheti ilie. Mzuie mapema, kwa heshima, maana kwake huo ndio ustadi. Mkanda ukishikana na usipoteleza unapousukuma kwa kiganja, inatosha. Kamba za katani ziachwe: zikilowa hufupika na kujikaza zenyewe, zikikauka zinalegea.

Turubai lisiguse ndege. Likipigwa na upepo huku lina vumbi linakuwa msasa, na kitambaa cha bawa kinaweza kutoboka kabla ya kufika. Kama ni lazima, jenga kichanja cha mbao juu na ulivute turubai hapo.

Njiani

Msimu mzuri ni Agosti hadi Oktoba. Mvua za Novemba hadi Aprili zinageuza barabara za udongo za Mufindi kuwa sabuni, na Juni na Julai ukungu na manyunyu vya huko havikauki hadi saa nne asubuhi. Safiri mchana tu.

Kwenye vumbi mwendo ni kilomita 20 kwa saa, kwenye lami 50 hadi 60. Simama baada ya kilomita 5 za kwanza ukague kila mkanda, kisha baada ya 30, kisha kila saa. Mtu wa kukagua awe ni yule aliyefunga.

Gari lenye uzito wa kuanzia tani 3.5 linaingia mizani. Kutoka Tunduma kwenda Morogoro utakutana na Mpemba, Uyole, Makambako na Wenda, na ukivuka Morogoro kuelekea Dar es Salaam, Mikese. Uzito hautakuwa na neno. Ingia taratibu, kwa kuwa tuta la kuingilia mizani ni baya kuliko mashimo mengi.

Sehemu mbili zinataka uangalizi. Kati ya Chimala na Makambako upepo wa uwanda wa Usangu unakuja kwa ubavu, na mabawa yaliyosimama ni kama tanga. Ukiona miti inainama, shuka hadi 40 au usubiri. Kitonga ni suala la breki. Shuka kwa gia nzito tangu juu, usingoje kona ya kwanza, kwa sababu breki ya ghafla inasukuma kila kitu mbele na ndipo vizuizi vya matairi vinapopimwa. Kagua mikanda kabla ya kuanza mteremko na tena Ruaha Mbuyuni. Mikumi, matuta ya hifadhini yavukwe gurudumu kwa gurudumu.

Kila mtakaposimama watu watajaa. Wengi wanataka picha, na hakuna ubaya, ila kidole kimoja kwenye kitambaa cha miaka mingi kinapita upande wa pili. Usiku lala kwenye yadi yenye mlinzi na taa: aluminiamu ina soko kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mfuko wa bolti ukipotea hauna wa kuurudisha.

Ukifika, linganisha kila kipande na orodha kabla dereva hajaondoka, na piga picha zilezile ulizopiga mwanzoni. Angalia mstari wa mgusano wa zulia na bawa, maungio ya shina na rangi iliyopasuka kwenye pembe za mabomba. Mabawa yatolewe kwenye fremu siku hiyohiyo kama zulia limelowa. Chembe za silika kwenye injini zikigeuka kutoka buluu kuwa waridi, badilisha vizibo kabla ya kuifunika tena.